Siku nane na daftari la maneno: kutoka Atlanta hadi Memphis

Siku ya kwanza: Atlanta

Mdogo wangu alinipokea uwanja wa ndege akiwa bado na koti lake la kazi. Anaendesha lori la mizigo, huu ni mwaka wake wa tisa Georgia, na alikuwa ameomba siku nane za likizo ili anizungushe. Nilikuja na begi moja na daftari moja. Ndani ya daftari yamo maneno 46 niliyokabidhiwa niyatafutie Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, yote ya harakati za Wamarekani Weusi kudai haki zao. Zaidi ya nusu niliyamaliza nikiwa mezani kwangu Tanga. Yaliyobaki yalinishinda. Kila nikiandika moja nalikuta limelala tu kwenye karatasi, halina jasho la watu waliolitenda. Ndiyo maana nikadunduliza nauli.

Jioni tukaenda mtaa wa Auburn. Nyumba namba 501 ndiyo aliyozaliwa Martin Luther King, tarehe 15 Januari 1929. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna kanisa la Ebenezer, walikohubiri babu yake mzaa mama, baba yake, kisha yeye mwenyewe. Kaburi lake na la mkewe Coretta liko katikati ya bwawa la maji, na watu wanaolizunguka huzungumza kwa sauti ya chini bila kuambiwa na yeyote.

Neno la kwanza kwenye orodha ndilo linalobeba mengine yote: haki za kiraia. Hili nililipita kwa wepesi, maana redio zetu hulitumia kila siku. Mbele ya kaburi nikalirudia polepole. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia wa nchi hiyo, awe mtumwa au awe huru. Ilibidi ipiganwe vita ya wenyewe kwa wenyewe, ndipo Marekebisho ya 14 ya Katiba, mwaka 1868, yakaandika kwamba aliyezaliwa hapa ni raia. Karatasi ikasema hivyo, mitaa ikakataa kwa karibu miaka mia moja. Aliyedai haki za kiraia mwaka 1955 alikuwa ameshika mkononi hati ya deni la babu zake.

Neno la pili lilinitesa zaidi. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne wa chuo waliingia duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina, wakaketi kwenye kaunta ya chakula iliyokuwa ya Wazungu peke yao, wakaagiza kahawa. Hawakuhudumiwa. Hawakuondoka mpaka duka lilipofungwa, na kesho yake wakarudi wakiwa wengi zaidi. Nilikuwa nimeandika "mgomo wa kukaa". Lakini anayegoma huacha jambo, na vijana hawa walikuja kununua, pesa mkononi. Kwetu mgeni anayependwa huambiwa akae kitako. Hawa walikaa kitako bila kukaribishwa, na ujasiri wao wote uko hapo. Nikafuta "mgomo", nikaandika "kukaa kitako".

Miezi miwili baadaye, Aprili 1960, mama mmoja mwenye uzoefu mrefu wa kuunganisha watu, Ella Baker, aliwaita wanafunzi wa namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Shaw. Hapo ikazaliwa kamati ya wanafunzi iliyojulikana kwa herufi SNCC, ambazo wenyewe huzitamka "Snik". Makao yake yalikuwa hapa Atlanta. Desemba 1963, bendera ya Kenya ikiwa bado mpya kabisa, Jaramogi Oginga Odinga alipita mjini humu. Vijana wa SNCC walimfuata hotelini, wakamwimbia nyimbo zao, naye akawapokea kwa furaha. Walipotoka wakaingia mgahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, wakakaa kitako, wakakamatwa. Mmoja wa waimbaji wao, Matthew Jones, alitunga wimbo wenye jina la Odinga, na neno wanaloimba humo ni "Uhuru".

"Kumbe, dada," mdogo wangu akasema tukirudi kwenye gari, "neno letu lilifika hapa kabla yetu."

Siku ya pili: Anniston na Birmingham

Tulitoka alfajiri kuelekea magharibi. Ukivuka mpaka wa Alabama unarudisha saa nyuma kwa saa moja, kwa hiyo tulifika Anniston jua likiwa bado changa.

Pale mjini kuna kituo cha zamani cha basi la Greyhound, na nje ya mji, kando ya barabara, ndipo basi lilipochomwa. Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua mwaka 1960 kwamba vituo vya mabasi yanayovuka jimbo hadi jimbo visitenge abiria. Majimbo ya Kusini yakaipuuza hukumu. Shirika la kupigania usawa wa Weusi na Weupe, CORE, chini ya James Farmer, likapeleka watu kuipima: tarehe 4 Mei 1961 watu 13, Weusi kwa Weupe, walipanda mabasi mawili kutoka Washington. Tarehe 14 Mei, Jumapili ya Siku ya Mama, kundi la Wazungu lilitoboa matairi ya basi la kwanza, likalifuata hadi liliposimama, likatupa moto ndani na kuushikilia mlango. Waliotoka walitoka wakikohoa na kupigwa. Janie Forsyth, binti wa Kizungu wa miaka 12 ambaye baba yake alikuwa na duka kando ya barabara hiyo, alibeba ndoo ya maji na kuwanywesha majeruhi mmoja mmoja, mbele ya wale wale waliochoma.

Watafsiri wenzangu husema "Wasafiri wa Uhuru". Nimelikataa. Msafiri anaweza kuwa yeyote, hata anayetembea kwa miguu. Abiria ni mtu aliyelipa nauli, ana tiketi, na kwa tiketi hiyo anadai kiti chake. Watu hawa hawakuwa na silaha nyingine zaidi ya tiketi. Kwenye daftari sasa wanaitwa Abiria wa Uhuru.

Birmingham tulifika kabla ya mchana na sikuwa nimejiandaa. Kanisa la Baptisti la Mtaa wa 16 limetazamana na bustani ya Kelly Ingram. Asubuhi ya Jumapili, 15 Septemba 1963, bomu lililotegwa chini ya ngazi liliwaua wasichana wanne waliokuwa chini wakijiandaa kwa ibada: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson, wote wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Nilikaa kwenye benchi muda mrefu. Mwanangu wa mwisho ana miaka 11.

Ndani ya bustani kuna njia inayopita katikati ya sanamu za mbwa wa polisi, wametoa meno pande zote mbili, na ni lazima upite katikati yao. Mei 1963 watoto wa shule walitoka kanisani humu kwa makundi, wakiimba, wakaenda kukamatwa. Siku ya kwanza tu, tarehe 2 Mei, walikamatwa mamia. Kesho yake mkuu wa usalama wa mji, Bull Connor, akaamuru mbwa na mipira ya zimamoto. Maji yale yalikuwa na nguvu ya kumvua mtoto shati na kumburuza kwenye lami.

Hapa ndipo neno langu la nne lilipokataa kukaa. Vitabu vyetu husema King aliongoza "harakati za amani". Mwanafunzi wa kidato cha pili akisoma hivyo anaona watu wapole waliosubiri. Mpango wa Birmingham uliitwa kwa siri Mradi C, na C ilisimama badala ya "confrontation", yaani makabiliano. Lengo lilikuwa kujaza jela mpaka zisiweze kupokea mtu mwingine, na kususia maduka mpaka wenye maduka wawaendee wakuu wa mji. Na watu walifunzwa. Huko Nashville mchungaji James Lawson, aliyekuwa amesoma mbinu za Gandhi akiwa India, aliwakalisha wanafunzi kwenye viti, wenzao wakawatukana, wakawavuta nywele, wakawapulizia moshi wa sigara usoni, wakawasukuma chini, hadi mwili ujifunze kutorudisha kofi. Ni mazoezi, kama ya askari. Nimeandika "kupambana bila kupiga". Ni maneno matatu badala ya moja, lakini hayadanganyi.

Akiwa jela ya mji huu, Aprili 1963, King aliwajibu kwa barua viongozi wanane wa dini, Wazungu, waliosema wakati haujafika. Alianza kuandika pembezoni mwa gazeti. Hoja yake ni kwamba "ngojeni" karibu siku zote imemaanisha "kamwe". Mimi nimelelewa na "subira yavuta heri", nimewaambia hivyo watoto wangu na wanafunzi wangu. Usiku hotelini nikakumbuka kuwa bibi yangu alikuwa na nyingine, aliyoitoa kwa watu waliomcheleweshea haki yake: ngojangoja huumiza matumbo. Nikaiandika pembezoni mwa ukurasa.

Siku ya tatu: Montgomery

Barabara ya kusini inapita Wilaya ya Shelby. Mdogo wangu hupita hapa na lori na hakuwahi kujua kwamba jina hilo ni la kesi. Mwaka 2013, katika kesi iliyofunguliwa na wilaya hiyo, Mahakama ya Juu ilifuta kwa kura tano dhidi ya nne kanuni iliyoamua ni majimbo gani lazima yaombe kibali cha serikali kuu kabla ya kubadili taratibu zao za uchaguzi. Niliandika tarehe, 25 Juni 2013, kwa sababu kitabu nilichopewa kinakomea 1968.

Montgomery ni mji mdogo kuliko nilivyodhani. Unasimama mahali pamoja na kuona kila kitu: ngazi za jengo la serikali ya jimbo, Jefferson Davis alikoapishwa Februari 1861 kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili yaendelee na utumwa, na hapo hapo chini, mtaa huo huo wa Dexter, kanisa dogo la matofali mekundu ambalo King alikuwa mchungaji wake akiwa na miaka 26.

Neno la hapa tunalo tayari, na ni letu hasa: kususia. Limetokana na kususa, kama mtoto anavyosusa chakula ili nyumba nzima ijue ameumizwa. Mtoto anayesusa hulala njaa yeye mwenyewe, na ndivyo ilivyokuwa hapa. Weusi wapatao 40,000 waliokuwa wakipanda mabasi waliacha kuyapanda tarehe 5 Desemba 1955, na waliolipa kwa miguu yao ni wao. Siku 381.

Utaratibu wa mabasi ulikuwa hivi. Viti kumi vya mbele ni vya Wazungu, hata kama havina mtu. Mweusi alipanda mbele kulipa, mara nyingi akaambiwa ashuke azunguke kuingia kwa mlango wa nyuma, na pengine basi likaondoka kabla hajafika. Sehemu ya Wazungu ikijaa, mstari mzima wa Weusi ulisimama ili Mzungu mmoja akae. Claudette Colvin, mwanafunzi wa miaka 15, alikataa kusimama tarehe 2 Machi 1955. Rosa Parks, fundi cherehani na katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alikataa tarehe 1 Desemba. Ninalisema hili kwa nguvu, maana tumezoea kuwaambia watoto kwamba Rosa Parks alikuwa mama aliyechoka miguu. Alikuwa mwanaharakati wa miaka mingi, na majira ya joto ya mwaka huo huo alikuwa amehudhuria mafunzo ya kudai haki huko Tennessee.

Usiku ule wa kukamatwa kwake, Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha Weusi cha jimbo na kiongozi wa baraza la kisiasa la wanawake, aliingia chuoni na wanafunzi wawili wakadurufu makumi ya maelfu ya vikaratasi hadi alfajiri. Waalimu wa rika langu tunaijua mashine ya kudurufu: harufu ya wino, stensili inayochanika, mkono unaozungusha mpaka bega linauma. Baraza lake lilikuwa limepanga kususia mabasi tangu kabla. Siku ilipofika, kilichobaki ni kuandika tarehe.

Halafu kuna Georgia Gilmore, na kwa ajili yake peke yake safari yangu ilitosha. Alikuwa mpishi. Alikusanya wanawake wenzake, wengi wakiwa wapishi na wafuaji katika nyumba za Wazungu, wakapika kuku, samaki wa kukaanga, mikate ya nyama na keki, wakauza saluni, makanisani na kwenye teksi. Fedha zilipelekwa kwenye mikutano ya Jumatatu kununulia mafuta ya magari. Kundi lao waliliita Klabu ya Kutotoka Popote, ili mtu akiulizwa pesa hizi zimetoka wapi, ajibu kweli tupu: hazikutoka popote. Aliyejulikana alifukuzwa kazi, na yeye alifukuzwa baada ya kutoa ushahidi mahakamani. Akaanza kupikia nyumbani kwake. Mama lishe, ndivyo angeitwa kwetu, na mabasi ya Montgomery yalishindwa na masufuria yake pia.

Mji ukapiga marufuku teksi za Weusi kutoza senti 10, ukizilazimisha kutoza angalau 45. Wakaunda mtandao wa magari binafsi yapatayo 300 yenye vituo na ratiba. Bima za magari zikafutwa, wakazipata kwa Lloyd's mjini London. Nyumba ya King ikapigwa bomu tarehe 30 Januari 1956, mkewe na mtoto mchanga wakiwa ndani. Mwishowe kesi ya Browder dhidi ya Gayle, ambayo Claudette Colvin alikuwa mmoja wa walalamikaji wake, ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 20 Desemba 1956 amri ikafika mjini.

Siku ya nne: Montgomery bado

Leo nimeandika kidogo. Kwenye kilima juu ya mji kuna mnara wa kumbukumbu uliofunguliwa tarehe 26 Aprili 2018 kwa waliouawa na makundi ya Wazungu. Nguzo za chuma zaidi ya 800, moja kwa kila wilaya, zina majina ya watu zaidi ya 4,400. Unaanza ukizitazama usoni. Sakafu inashuka kidogo kidogo, nguzo zinabaki zilipo, na unapofika mwisho zinaning'inia juu ya kichwa chako.

Magazeti yetu yana maneno ya kikundi kinachoua: wananchi wenye hasira kali wamejichukulia sheria mkononi. Nilikuwa nimeyatumia. Nimeyafuta yote kwa kalamu nyekundu. Hasira kali huonyesha kwamba kuna kosa lililotangulia, na sheria mkononi huonyesha kwamba sheria yenyewe haikuwepo. Hapa polisi walikuwepo, picha zilipigwa na kuuzwa kama kadi za posta. Kibao kimoja ukutani kinasema Jesse Thornton aliuawa Luverne, Alabama, mwaka 1940, kwa kumtaja polisi Mzungu bila kutanguliza "Bwana". Kuua ili kuogofya, hivyo ndivyo nimeandika.

Mdogo wangu alitoka kabla yangu. Nilimkuta kwenye gari amezima redio.

Siku ya tano: Lowndes na Selma

Barabara namba 80 ndiyo waliyotembea waandamanaji wa haki ya kupiga kura kutoka Selma hadi Montgomery mwaka 1965, maili 54, karibu kilomita 87, ila sisi tuliifuata kinyume, kutoka mwisho wao kwenda mwanzo wao.

Katikati ni Wilaya ya Lowndes. Mwanzoni mwa 1965 wakazi wanne kati ya watano walikuwa Weusi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye daftari la wapiga kura. Waliojiandikisha baadaye walifukuzwa kwenye mashamba waliyolima kwa kugawana mavuno, wakaishi kwenye mahema kando ya barabara hii. Hapo palipokuwa na mahema sasa kuna jengo la kumbukumbu.

Stokely Carmichael na wenzake wa SNCC walisaidia wananchi kuunda chama chao cha wilaya. Kwa kuwa wengi walinyimwa shule, kila chama kilihitaji alama kwenye karatasi ya kura. Cha Democratic cha Alabama kilikuwa na jogoo mweupe na maneno ya ukuu wa Wazungu juu yake. Wakulima wa Lowndes wakachagua chui mweusi. Nilicheka kwa furaha niliposoma hivyo, kwa sababu mwaka huo huo wa 1965 wazazi wangu walipiga kura Tanganyika kwa jembe na nyumba, na jirani zetu wa Kenya walikuwa na jogoo wao wa KANU, jogoo wa uhuru. Mtoto wa Afrika Mashariki anaelewa karatasi ile ya Lowndes bila maelezo. Chui alihamia California Oktoba 1966, Huey Newton na Bobby Seale walipoazima jina lake kwa chama chao cha Oakland, na picha za vijana wenye bunduki zikafunika habari ya wakulima. Asili yake ni hapa, penye pamba. Mwaka 1970 John Hulett, mmoja wa waanzilishi, alichaguliwa mkuu wa polisi wa wilaya hii hii.

Selma. Mji umechoka, maduka mengi yamefungwa. Tukaegesha gari karibu na daraja lenye jina la Edmund Pettus, jenerali wa majimbo yaliyojitenga. Daraja limejikunja kama mgongo wa paka: ukianza kupanda huoni ng'ambo. Tarehe 7 Machi 1965 watu wapatao 600 walipanda hivyo wawili wawili, John Lewis na Hosea Williams mbele, na walipofika kileleni ndipo walipoona askari wa jimbo wametanda barabarani. Virungu, moshi wa kutoa machozi, farasi. Lewis alivunjwa fuvu. Amelia Boynton, mama aliyekuwa amepigania uandikishaji Selma kwa miongo mitatu, aliachwa amezirai chini. Waliandamana kwa sababu ya Jimmie Lee Jackson, aliyepigwa risasi na askari wa jimbo mjini Marion tarehe 18 Februari akimkinga mama yake. Tulitembea hadi kileleni, tukasimama. Mto Alabama ni wa rangi ya udongo na hauna haraka.

Neno la Selma ni kodi ya kichwa, na hapa nawaonya wenzangu. Kwetu kodi ya kichwa ilikuwa ya mkoloni: usipolipa unafungwa, unapelekwa kulima barabara. Ya Alabama ilikuwa dola 1.50 kwa mwaka, nayo usipolipa hufungwi, ila hupigi kura. Ile ya kwetu ilimkamata mtu ili afanye kazi, hii ilimwacha nje. Ukitumia neno moja mwanafunzi atachanganya mambo mawili. Nimeandika "ada ya kura". Marekebisho ya 24 ya mwaka 1964 yaliifuta kwa chaguzi za kitaifa, na mahakama ikaimaliza kwa majimbo mwaka 1966. Vizuizi vingine vilikuwa mtihani wa kusoma, mdhamini ambaye lazima awe mpiga kura tayari, na ofisi iliyofunguliwa siku mbili tu kwa mwezi. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti 1965, miezi mitano baada ya damu ya daraja hili.

Siku ya sita: Jackson

Siku ya barabara, misonobari mitupu. Jackson tulifika alasiri tukaenda moja kwa moja nyumbani kwa Medgar Evers, katibu wa NAACP wa Mississippi. Nyumba haina mlango wa mbele. Mlango uko upande wa maegesho, ili mtu ashuke garini na kuingia bila kuonekana kutoka barabarani. Haikusaidia. Alipigwa risasi hapo hapo maegeshoni, usiku wa manane kuamkia tarehe 12 Juni 1963, watoto wake wakiwa macho wakimsubiri. Muuaji alitiwa hatiani mwaka 1994.

Mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa 1953, Jomo Kenyatta akiwa kifungoni, alimpa jina la Darrell Kenyatta. Mwanamume wa Mississippi, ambako kusema tu neno la kupiga kura kulitosha kukuua, alimtazama mfungwa wa Kenya akampa mwanawe jina lake. Nilisimama kwenye nyasi za watu nikilia, na mdogo wangu akanishika bega.

Siku ya saba: Delta

Hii ndiyo Delta ya Mississippi: tambarare isiyo na mwisho, mashamba pande zote. Greenwood, tarehe 16 Juni 1966, ndipo Carmichael alipoinuka mbele ya umati, ametoka rumande jioni hiyo, akasema wanachotaka sasa ni "Nguvu ya Weusi". Nilikuwa nimependa "Mamlaka ya Weusi". Lakini mamlaka hukabidhiwa mtu kutoka juu, na baada ya Lowndes najua walichomaanisha: kuhesabiana wenyewe, kuwa na chama, kura na mkuu wa polisi wao. Nguvu inatosha. Mwaka huo huo huko California Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Wamarekani Weusi iitwayo Kwanzaa, akaiwekea misingi saba kwa Kiswahili, na mmoja wao, kujichagulia, ni neno ambalo wanasheria wetu wangefanya vizuri kulitumia zaidi.

Ruleville tulikaa kaburini kwa Fannie Lou Hamer hadi jua likapungua. Agosti 1962 alikwenda kujiandikisha kupiga kura, na siku hiyo hiyo akafukuzwa kwenye shamba aliloishi miaka 18. Juni 1963 alipigwa katika jela ya Winona hadi figo zikaumia. Tarehe 22 Agosti 1964 alikaa mbele ya kamati ya chama cha Democratic, mji wa Atlantic City, akaisimulia nchi nzima. Kwenye jiwe lake yameandikwa maneno yake, ambayo kwa Kiswahili hayahitaji mtafsiri: nimechoka kuchoka.

Aliyepanga kazi ya Delta hii kwa miaka, kijiji kwa kijiji, alikuwa Bob Moses, mwalimu wa hisabati mwenye sauti ya chini. Yeye ndiye aliyeongoza Majira ya Uhuru ya 1964, kampeni ya kuandikisha wapiga kura Weusi wa Mississippi, wakati wanaharakati watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, walipouawa. Mwaka 1969 alihamia Tanzania na kufundisha hisabati Same, hadi 1976. Same, ninayoipita kwa basi kila nikienda Moshi, tukisimama dakika kumi kununua matunda. Sikuwahi kuambiwa shuleni, wala sikuwahi kumwambia mwanafunzi yeyote.

Siku ya nane: Memphis

Hoteli ya Lorraine imekuwa makumbusho tangu 1991. Shada la maua jeupe na jekundu limening'inia kwenye kizuizi cha chumba namba 306, King alipopigwa risasi jioni ya tarehe 4 Aprili 1968. Alikuja kwa ajili ya wazoa taka, na aliyemwita ni yule yule James Lawson wa mazoezi ya Nashville, wakati huo akiwa mchungaji hapa.

Tarehe 1 Februari mwaka ule, mvua ikinyesha, Echol Cole na Robert Walker walijikinga nyuma ya lori lao la taka. Mashine ya kushindilia ikajiwasha, ikawaua wote wawili. Siku kumi na moja baadaye wenzao wapatao 1,300 waliacha kazi. Ndani ya makumbusho kuna lori kama lile. Mdogo wangu alilizunguka, akainama kutazama mitambo ya nyuma, akanionyesha kwa kidole mahali mtu angeweza kusimama na mahali bamba linaposhukia. Hakusema zaidi ya hapo.

Mabango ya wazoa taka yalikuwa na maneno manne tu ya Kiingereza, "I AM A MAN", nayo ndiyo yaliyokuwa ya mwisho katika daftari langu. Nilikuwa nimeandika "Mimi ni mwanamume". Nikafuta, nikaandika "Mimi ni mtu". Bado halikutosha, kwa sababu bango lile lilikuwa likijibu tusi. Mzee wa miaka 60 mwenye wajukuu aliitwa "boi" na kijana wa Kizungu. Na sisi tunalijua neno hilo. Lilibaki katika Kiswahili kutoka majikoni kwa mabwana shamba na mabwana wilaya: boi, mtumishi wa nyumbani asiyekua kamwe, hata mvi zikimtoka. Babu yetu mzaa baba alikuwa boi wa Mjerumani mwenye mkonge, kisha wa Mwingereza.

"Babu asingesema mwanamume," mdogo wangu akasema nilipomweleza. "Babu alikuwa akisema, mimi ni mtu mzima, usiniite hivyo."

Mtu mzima: aliyekua, aliyekamilika, asiyepungua kiungo, anayestahili shikamoo. Nililiandika kwa herufi kubwa, MIMI NI MTU MZIMA. Mgomo uliisha tarehe 16 Aprili 1968, siku kumi na mbili baada ya mauaji, mji ukikitambua chama cha wafanyakazi na kukubali nyongeza ya mshahara. Tulisimama mbele ya sanamu za wagomaji waliobeba mabango hadi mlinzi alipotuambia wanafunga.